Miguu Juu ya Paa

Karatu, wakati wa palizi

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana najua ya kwanza umeipokea umenuna. Habari za hapo Mbinga? Goti lako linasemaje? Kahawa ya bondeni imeshika, au mvua ya mawe imeiangusha tena? Na yule beberu mwenye pembe moja bado anawapiga wageni? Mimi ni mzima. Nimelisema hilo mwanzoni makusudi, usije ukaruka mistari ukitafuta mahali nilipofia. Nakula, natembea, nakwenda kazini. Meno mawili ya mbele sina, na hilo nitalieleza zamu yake ikifika.

Kaka Deo alikuambia kwenye simu kwamba nilivamiwa na majambazi. Deo alisikia nusu, nusu nyingine akatunga mwenyewe, unamjua. Nikasikia umemtuma mjomba aje kunirudisha nyumbani, hata kwa kamba. Mwambie mjomba abaki na kamba yake afungie mbuzi. Nimeona nikuandikie kwa mkono na kuitia barua hii katikati ya mfuko wa vitunguu unaokuja na basi, kwa sababu kwenye simu wewe ukianza kulia na mimi nalia, tunamaliza salio bila kuambiana kitu. Vaa miwani, kaa chini, usome polepole. Hapakuwa na jambazi hata mmoja.

Mchana nafua, kama unavyojua. Wageni wanashuka kreta kutazama faru, wanarudi na vumbi mpaka masikioni, wanalilaza kwenye mashuka meupe ya loji, na mimi nalitoa. Jioni napiga dramu kwenye bendi. Najua majirani unawaambia ni kwaya. Si kwaya, mama. Bendi yetu inaitwa Mbigili na tuko wanne tu. Mwimbaji ni Tluway, Mwiraqw wa Endabash, mwembamba, mpole mpaka ashike maiki. Mpiga gitaa ni Loserian, Mmasai wa Enguserosambu, kule juu Loliondo, aliyekuja Karatu kulinda geti la loji akaachiwa gitaa na mgeni. Besi anapiga Elibariki, Mmeru mwenye duka la vipuri vya pikipiki, na kompyuta ya kurekodia ni yake, ndiyo maana tunamvumilia. Mimi ndiye wa kupiga vitu. Tangu nikiwa mdogo ulisema mkono wangu una haraka kuliko akili yangu, basi nimeutafutia kazi.

Muziki wenyewe wanauita posti-panki. Ni roki, lakini roki ya baridi, isiyobembeleza mtu. Besi inatangulia, gitaa linakwaruza pembeni, dramu kavu bila mapambo, na mwimbaji haimbi, anafoka kama mtu anayegombana na ukuta. Albamu ya kwanza tuliifanya kwa ujinga, tukicheka. Vijana wa Karatu walituzomea nayo kwenye baa, lakini ikafika Nairobi, na bwana mmoja mwenye kampuni ndogo ya kutoa rekodi akaipenda, akasema anataka ya pili. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Ya kwanza hakuna anayeingoja. Ya pili kuna mtu amekaa kitini anaisubiri, na kila mmoja wenu ana maelezo yake kwa nini ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Tluway na Loserian walitwangana ngumi kwa sababu ya kipande cha gitaa kisichozidi pumzi mbili. Mimi nilimrushia Elibariki kijiti cha dramu kikamchana nyusi. Tulikuwa tunachukiana hasa, na nyimbo zilikuwa zinatoka nzuri, mpaka nikadhani ndivyo kazi hii inavyofanywa.

Tulirekodia Endabash, kwenye nyumba ya bibi yake Tluway, marehemu. Nyumba ya namna ile kwetu hujawahi kuiona. Wazee wa Kiiraqw walikuwa wanachimba ubavu wa kilima, wanaingia humo na ng'ombe wao, na paa la miti na udongo linalingana na ardhi, nyasi zinaota juu. Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe waliweza kupita juu ya vichwa vyao wasijue. Siku hizi watu wameezeka bati, pale kijijini imebaki hiyo moja, wanawekea magunia ya maharage. Elibariki alipiga makofi mle ndani akatabasamu, kwa sababu sauti haikurudi, udongo uliimeza. Tukavuta umeme kwa waya mrefu kutoka nyumba ya jirani, tukaegemeza magodoro ukutani, tukaziba tundu la moshi kwa gunia. Loserian alicheka sana siku ya kwanza. Alisema babu yake aliitafuta nyumba hii maisha yake yote, na yeye amekaribishwa chai.

Wimbo wa mwisho wa albamu ulihusu hayo hayo, wizi wa ng'ombe. Unaitwa "Yowe". Sasa nikueleze habari ya yowe, maana kisa chote kiko hapo. Kwetu mtu akipiga kelele watu huchungulia dirishani. Huku yowe lina sauti yake, linapanda linakatika, linapanda linakatika, na anayelisikia anaacha chungu motoni, anachukua alichonacho, anakimbilia linakotoka, huku na yeye analipiga ili kilima cha pili wasikie. Asiyekimbia wanamhesabu yuko upande wa mwizi. Watoto hawaruhusiwi kulichezea. Tluway alizabwa kofi na bibi yake kwa kulijaribu wakati anachunga ndama, na tangu siku ile hakulipiga tena.

Kwa hiyo kwenye wimbo alikuwa anapiga la uongo. Tulirudia, tukarudia, kila mara linatoka kama salamu ya harusini, mpaka Loserian akavua mkanda wa gitaa shingoni.

"Hilo ni yowe la mtu aliyekanyaga mwiba," alimwambia. "Babu yangu angelisikia hilo, angeendelea kula nyama."

Tluway akasema la kweli halipigwi bure. Loserian akamjibu kwamba basi tuufute wimbo, tusiwadanganye watu. Wakashikana mashati. Elibariki akawatenganisha, akasema humu chini hakuna atakayesikia, tumepiga dramu siku zote hizi na hata kuku wa jirani hawashtuki tena. Hilo la kuku lilikuwa kweli. Alichosahau ni kwamba mchana ule kompyuta ilikuwa imepata joto, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa gunia kwenye tundu la moshi. Na sote tulijua kwamba jirani mmoja, mzee anayeitwa Qamara, alikuwa ametoka kuibiwa ng'ombe wake wawili wa maziwa na kijiji kizima kilikuwa kinalala na fimbo. Tulijua. Ila tulikuwa tunafikiria albamu.

Tukaanza wakati watu wanakamua, jua bado lipo. Mama, sijawahi kupiga vile. Tluway alipofika kwenye kipande chake alijishika tumbo, akapiga magoti, akalitoa. Safari hii lilikuwa la kweli. Alilipiga mpaka akaanguka kifudifudi kwenye sakafu ya udongo, akabaki anahema, na sisi tukaendelea, maana ndivyo wimbo ulivyo, yeye ananyamaza, dramu inabaki inakimbia na gitaa linalia juu yake. Loserian alikuwa amesimama pale pale alipoanguka mwenzake, shuka jekundu begani kama siku zote.

Kwanza niliona vumbi. Lilikuwa linadondoka kutoka darini kidogo kidogo, linatua kwenye dramu yangu ndogo na kuruka kila ninapoipiga. Nikajisifu moyoni kwamba leo napiga mpaka paa linatikisika. Halafu nikaacha kupiga, mikono imechoka, na vumbi likaendelea kudondoka. Ilikuwa miguu. Watu wengi walikuwa wanakimbia juu ya vichwa vyetu.

Mlango ukavunjwa kabla hatujatazamana. Waliona nini wale watu? Waliona mtoto wa kijijini kwao amelala chini hajitikisi, na Mmasai amesimama juu yake ameshika kitu kirefu. Qamara ndiye alikuwa mbele. Hakuuliza. Fimbo ya kwanza ilimpata Loserian sikioni, ya pili ikavunja shingo ya gitaa, zilizofuata sikuziona vizuri kwa sababu migongo ilijaa. Waliingia kwa kusukumana, kila mmoja anagombea nafasi ya kupiga, wazee na makoti yao ya kanisani, vijana, mama mmoja ameshika mwiko wenye ugali wa moto. Walimpiga kwa fimbo, kwa bapa la panga, kwa buti. Tluway akajiinua, akaanza kuwaambia kwa Kiiraqw kwamba ni wimbo, ni wimbo tu. Sauti ilikuwa imemkauka. Waliomsikia walidhani anazidi kuomba msaada, wakaongeza.

Mimi nikanyanyua stendi ya toazi. Ni chuma, ina miguu mitatu. Nilimpiga nayo Qamara kwenye mkono wa kulia nikasikia mfupa ukikatika, nikafurahi. Siwezi kukudanganya, nilifurahi. Nikampiga mwingine mgongoni. Mtu akanitandika usoni, kwa ngumi au kwa mpini sijui, meno yakaenda yalikokwenda. Nikaangukia dramu, nikaamka, nikauma sikio la kijana mmoja ambaye siku hizi akikutana nami njiani analifunika. Kule ukutani kuna aliyekuwa anasema, "Mkono, Qamara, huo mkono wake." Na Qamara, mkono wake mwenyewe ukiwa unaning'inia, akaukanyaga mkono wa kushoto wa Loserian kwa buti, akauzungusha kisigino kama anazima sigara.

Tuliokolewa na mtu mwoga kuliko sisi wote. Elibariki alikuwa amejificha nyuma ya meza, na kutoka huko akapenyeza mkono akabonyeza kompyuta. Anaapa mpaka leo kwamba alikusudia. Spika zikalitoa yowe, lile lile, kubwa kuliko lilivyotoka mdomoni. Fimbo zikasimama hewani. Walio nyuma wakageuka, wakaanza kutoka mbio kulifuata, wakidhani linatoka nje, maana ndivyo walivyolelewa. Walio mbele wakamtazama Tluway. Alikuwa amefumba mdomo, mashavu yana damu ya mwenzake, na yowe lake linatoka kwenye sanduku. Likaisha. Simu ya mtu ikaita, wimbo wa injili, na hakuna aliyeipokea.

Qamara akauliza kama ile ni redio. Tluway akamjibu kwamba ni wimbo wao, wanaurekodi. Yule mzee akakaa juu ya magunia ya maharage, akatapika kwenye viatu vyake.

Wale wale waliompiga ndio waliombeba. Walimweka juu ya godoro mojawapo lililokuwa ukutani, wakampandisha barabarani wakipokezana, wanaambiana taratibu, taratibu, kana kwamba wamemkuta hivyo. Qamara alitembea pembeni, kwa mkono wake mzima ameshika pindo la shuka lisiburute. Nilitamani kumsukumia korongoni. Mdomo ulikuwa umejaa damu, sikuweza hata kumtukana.

Hospitali walisema kichwa hakikupasuka. Mbavu zilivunjika, sikio moja halisikii vizuri, na vidole viwili vya mkono wa kushoto, vile vya kubania nyuzi, vilisagika na havitakunjika tena. Mimi nilirudi kazini uso umevimba. Msimamizi wangu alinipokea kwa upole, akaniomba nipite njia ya nyuma, ya jikoni, wageni wasije wakaniona wakaharibikiwa na likizo yao. Nikafua mashuka siku ile kwa hasira mpaka mawili yakachanika.

Endabash wakakaa kikao mbele ya ghala la kijiji. Wazee hawakugombana sana kuhusu kipigo. Kilichowauma ni yowe. Walisema likichezewa, siku ya kweli watu watabaki jikoni, na hapo kijiji kimekwisha. Ukoo wa Tluway ukatoa kondoo na pombe ili yowe lisafishwe, na katekista akaja, akajifanya hajaona kondoo wala pombe, akaombea mvua. Kisha wakanigeukia mimi. Nimemvunja mtu mkono wakati wa palizi, shamba lake litapaliliwa na nani? Nikauliza, na vidole vya Loserian vitapaliliwa na nani? Mzee mmoja akasema kwamba Mmasai si wa kijiji chao, mambo yake yako kwa watu wake. Nilinyanyuka nikapiga teke kiti. Tluway akanikalisha.

Basi sasa unajua kwa nini mwandiko wangu ni mbaya, viganja vina malengelenge. Kila siku ya mapumziko napanda Endabash kupalilia mahindi ya Qamara. Yeye anakaa mwisho wa mstari, mkono shingoni, ananionyesha nilipoacha majani. Siku za kwanza hatukusemezana. Siku moja akaniambia kwamba napalilia vizuri kwa mtu mwenye hasira. Nikamjibu kwamba nimefundishwa na mama yangu, ambaye alimfukuza mnunuzi wa kahawa kwa jembe mpaka barabara kuu. Akacheka, akashika mkono wake, ulimuuma kwa kucheka. Nilifurahi kwamba ulimuuma, halafu nikaona haya kidogo, kidogo tu.

Lakini mzee yule wa kikao alikuwa amesema kweli, mambo yalikuwa kwa watu wake. Kaka yake Loserian, Saningo, alishuka kutoka Enguserosambu na wenzake wa rika, wakajaa kwenye korido ya hospitali, kimya, marungu yako kiunoni. Loserian alimwambia kwamba paa la nyumba kuukuu lilimwangukia. Saningo akafunua shuka, akatazama mgongo wa mdogo wake kwa muda mrefu. Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe anajua alama ya fimbo.

"Paa hili lina fimbo nyingi," alisema. Saningo akanigeukia mimi na meno yangu yasiyokuwepo. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Nimesikia mlikuwa mnarekodi. Muziki wenu ukitoka nitausikiliza wote."

Nilielewa alichosema. Elibariki alielewa zaidi, akawa mweupe kama shuka langu. Maana kulikuwa na kitu ambacho alikuwa bado hajatuambia. Alikuwa ametundika kirekodi kidogo ukutani ili kinase sauti ya chumba, na hakuna aliyekizima. Kilinasa kila kitu. Yowe, dramu, miguu, mlango, fimbo, mfupa wa Qamara, jina la Qamara likitajwa pamoja na ule mkono. Alinipeleka dukani kwake, kati ya mataili na minyororo, akanisikilizisha, na rekodi ilipoisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hatujawahi kurekodi kitu kizuri kama kile na hatutarekodi tena. Nilimzaba kofi. Tatizo ni kwamba alikuwa anasema kweli. Alikuwa pia amemdokeza bwana wa Nairobi, na bwana yule hakulala, anaitaka hiyo hiyo, albamu ifungwe nayo, jinsi ilivyo, bila kukata kitu.

Tluway alitaka ichomwe moto. Mimi nilitaka itoke. Nisome vizuri, mama, nilitaka itoke. Nilitaka wale wazee wa makoti wajisikie, na mzee wa kikao asikie, na wageni wa loji wasikie na hedifoni zao za gharama wakiwa wanatazama faru. Tulibishana mpaka tukataka kurushiana vitu tena, halafu tukakumbuka kwamba vidole si vyetu. Tukamwachia Loserian.

Yeye alitoa sharti moja tu, isikilizwe mle mle, na waliokuwemo wawemo. Alipopata nguvu ya kutembea tukaenda Endabash mchana. Nilidhani hawatakuja. Walikuja karibu wote, hata yule mama wa mwiko, wakakaa sakafuni wamekumbatia magoti. Qamara alikaa kwenye magunia yale yale. Gunia la tundu la moshi lilikuwa mahali pake, nililikagua mwenyewe.

Sikuwahi kuona watu wakipigwa hivyo bila kuguswa. Mzee mmoja alijifunika kofia usoni. Sauti ilipofika pale pa "mkono, Qamara," Qamara aliinamisha kichwa akabaki hivyo. Katikati ya vipigo kuna sauti inasema neno moja tena na tena, yeyo, yeyo. Yule mama wa mwiko akauliza maana yake ni nini.

"Mama," Loserian alimjibu. "Nilikuwa namwita mama."

Ilipoisha, Loserian akamwomba Elibariki airudishe nyuma, mpaka pale yowe linapokwisha. Dramu yangu ikasikika, gitaa, kisha dramu ikaacha. Kisha ikasikika ile miguu, mingi, mbali kwanza, halafu juu yetu, vishindo kwenye udongo, mtu anajikwaa anainuka anaendelea kukimbia. Loserian akamwambia aisimamishe hapo, kabla ya mlango.

"Hawa ni akina nani?" aliuliza.

Qamara aliinua kichwa. "Ni sisi."

"Mnakwenda wapi?"

Yule mzee alimtazama. "Kuna mtu ana shida," alisema. "Tunakuja kumsaidia."

"Basi iishie hapo," Loserian akasema.

Mimi nilipinga. Mbele ya wote nilipinga, nikamwambia kwamba anawapa zawadi wasiyostahili. Hakunikasirikia. Alisema ikitoka yote, kaka yake atashuka na rika lake, na huku Endabash mtu atapiga yowe, safari hiyo la kweli, na miguu ile itakimbia tena. Akainuka, akaenda kwenye kompyuta, kwa mkono wake wa kulia akafuta kuanzia mlangoni mpaka mwisho. Akafuta na kwenye kirekodi. Elibariki alilia kama aliyefiwa. Qamara alitoka nje, nikamkuta baadaye ameegemea mlango mpya, nikachukua jembe nikaenda kumalizia mstari.

Albamu imekwisha, mama. Tumeiita *Miguu Juu ya Paa*. Bwana wa Nairobi alinuna, halafu akausikiliza ule mwisho, akapiga simu kuuliza ile miguu ni ya nani, tukamwambia ni majirani. Nyimbo tulizokuwa hatujazimaliza Loserian alizipiga kwa namna mpya. Alichukua soketi ya kufungulia plagi dukani kwa Elibariki, kibomba kifupi cha chuma, anaivaa kidole cha mwisho na kuiteleza kwenye nyuzi, gitaa linalia kwa sauti ndefu ambayo hatukuwa nayo. Ni nzuri kuliko ya zamani, na kila nikiisikia nataka kumvunja mtu mkono. Saningo alisema ataisikiliza yote. Ataisikiliza, na jina la mtu hatalisikia.

Mwambie mjomba asije. Nitakuja mwenyewe mkianza kuchuma kahawa, na nitachuma bila kulalamika, nimeshakuwa mpaliliaji wa watu. Msalimie sana shangazi anayeuza ulanzi, mwambie huku wanakunywa pombe ya mtama na siipendi. Msalimie Deo, mwambie nikimkamata atarudia ile habari ya majambazi mbele yangu. Msalimie mama mdogo wa misheni na watoto wake, na beberu. Vitunguu usigawe vyote.

Kuna moja nimelibakiza. Siku ile tulipoisikiliza, baada ya sauti ya Loserian kuna sauti nyingine, inatoka kama mtu mwenye mchanga mdomoni, na inaita vile vile, kwa lugha yetu. Sikuitambua. Tluway ndiye aliyeniinamia akaninong'oneza kwamba ni mimi. Nilikuwa nakuita wewe, mama. Na ile Loserian ameifuta pamoja na zote, haipo kwenye albamu wala mahali pengine popote, ndiyo maana nimeiandika hapa. Nilikuita.

Ni mimi mwanao, mwenye mkono kama wako,

Gaudensia